Tuyo inavuja: ni panya, ni jiwe la volkano au ni jua? Kutafuta chanzo nyumbani Goma

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tuyo (bomba la maji) ikitoboka, mshitakiwa wa kwanza ni panya. Mara nyingi kosa ni lake kweli. Lakini si kila mara, na ndiyo maana kuna watu wanaobadilisha kipande cha bomba mwezi huu na mwezi ujao wanavuja palepale. Jiwe la lava nalo linakula bomba. Jua linalipasua. Mtego haulizuii jua, na kivuli hakimzuii panya, kwa hiyo usinunue chochote kabla hujajua nani amefanya kazi hiyo.

Mji wetu unampa panya nafasi ambayo miji mingine haimpi. Sehemu kubwa imejengwa juu ya mwamba wa volkano. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya Mei 2021 ilifika Buhene, pembeni mwa mji. Juu ya mwamba kama huo, kuchimba mtaro wa nusu mita ni kazi ya mtaimbo na jasho. Basi watu wanalaza bomba juu ya mawe, linapita chini ya sakafu ya mbao, linapanda ukutani, linaingia darini. Hizo zote ni barabara za panya. Halafu maji yanakuja kwa zamu, na bomba linalokaa tupu saa nyingi ni hatari kwa namna nitakayoieleza mbele kidogo.

Maji yamepungua lakini hakuna mahali palipolowa

Wanaotoka sehemu zenye udongo wanasubiri kuona dimbwi. Hapa hutaliona. Mwamba wa lava una nyufa na matundu, maji yanazama papo hapo, na bomba linaweza kuvuja wiki nzima uwanja ukabaki mkavu. Dalili zinazokuja ni nyingine: robine (koki) ya jikoni inatoa uzi tu wakati ya jirani inafoka, bidoni (dumu) inachukua muda mrefu kujaa, faktura (bili ya maji) inapanda bila mgeni kuongezeka nyumbani.

Jaribio la kwanza halina gharama. Funga robine zote wakati maji yapo, kisha tazama mita. Ikiwa bado inazunguka, maji yanapotea kati ya mita na robine zako. Kama unatumia tangi, piga alama ya makala (mkaa) kwenye usawa wa maji usiku, funga vane (valvu) ya kuingiza, na uangalie asubuhi kabla mtu hajachota. Usisahau choo: tia rangi kidogo ya chakula kwenye kisanduku cha maji, na ikitokea kwenye bakuli bila mtu kuvuta, tatizo ni raba ya ndani, panya hana habari.

Ikiwa ni bomba kweli, subiri usiku mji unyamaze. Chukua chuma kirefu, nondo ndogo inatosha, weka ncha moja juu ya bomba na nyingine karibu na sikio. Mvujo unasikika kama mlio mwembamba usiokatika. Sogea hatua kwa hatua mpaka mlio uwe mkali. Mchana wa jua pia unasaidia: mawe yote yanakauka na kuwa ya kijivu, lakini moja au mawili yanabaki meusi, na kuku wa nyumba wanajua mahali hapo kabla yako. Wakishinda wakidonadona kwenye jiwe moja, inama utazame chini yake.

Umepata tundu. Sasa lisome

Hapa ndipo watu wanaharakisha mno. Wanaona tundu, wanasema panya, wanafunga mpira, wanaondoka. Kaa chini, lifute kwa kitambaa, liwashie taa ya simu kwa upande ili mikwaruzo itoe kivuli.

Panya anaacha alama mbilimbili. Meno yake ya mbele ni patasi mbili zilizokaa pamoja, na kila anapouma anachonga mifereji miwili sambamba. Ya panya mkubwa ina upana wa milimita 1.5 hadi 2 kila mmoja, ya panya mdogo wa nyumbani karibu milimita 1. Kuzunguka tundu utaona mifereji mingi imepishana, kingo zimechongwa kwa mteremko kuelekea ndani, na chini kuna vumbi au vipande vidogo vya plastiki. Ikiwa vipande ni vyeusi na vinang'aa, kazi ni ya juzi. Vikiwa vimefifia na vumbi limevifunika, panya alipita zamani na huenda ameshahama. Tafuta pia mavi yake: ya panya mkubwa yana urefu wa sentimita moja na nusu hivi, ya mdogo yanalingana na punje ya mchele.

Jiwe la lava linaandika tofauti. Halina mifereji miwili. Kuna bapa moja lililosuguliwa, refu, lisilong'aa, upande wa chini wa bomba, na tundu linatokea katikati ya bapa mahali plastiki ilipokwisha. Sababu yake ni kutikisika. Maji yakirudi baada ya kukatika, yanasukuma hewa mbele, bomba linaruka na kujisugua kwenye ncha ya jiwe, na lava ina ncha kali kuliko msasa. Ukiwa karibu wakati maji yanarudi utaliona bomba likicheza. Mama mmoja alinionyesha tundu la namna hii na mtego mpya mkononi. "Fundi, panya wa hapa hawaingii mtegoni." Nikamgeuzia bomba. "Mama, huyu haingii kwa sababu ni jiwe." Tuliinua bomba, tukaweka mchanga chini na kulifunga lisicheze, basi.

Jua linapasua PVC. Bomba la kijivu linakuwa jeupe kama lina chokaa, ukilipitisha kidole linaacha unga, na ufa unakwenda kwa urefu, mara nyingi kuanzia kwenye kiungo. Ukilikunja kidogo linavunjika. Bomba jeusi la polietilini linavumilia jua zaidi kwa sababu ya weusi wake. Mkato mmoja ulionyooka na safi ni wa panga, jembe au koleo, na mwenye kosa kwa kawaida yuko ndani ya uwanja na hatasema.

Kwa nini panya anauma bomba? Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, kwa mwaka yanaweza kuongezeka zaidi ya sentimita 10, kwa hiyo lazima ayapunguze kwa kutafuna. Chochote kigumu lakini kisichofikia ugumu wa jino kinafaa: mbao, plastiki, risasi, alumini laini, ganda la waya wa umeme. Chuma cha galva (kilichopakwa zinki) kinamshinda. Pia anauma kwa sababu bomba limemzibia njia, kwa mfano pale linapopita kwenye tundu la ubao alilokuwa akilitumia kabla yako. Na anauma kwa kiu. Panya mkubwa anahitaji maji kila siku, tofauti na yule mdogo ambaye chakula kinaweza kumtosheleza unyevu. Katika kiangazi, Juni mpaka Agosti, kiungo kinachotoa tone moja moja kinamwonyesha yalipo maji. Kuziba matone hayo madogo kunazuia tundu kubwa, na watu wachache wanalifanya.

Kuna jambo moja la umbo ambalo linaokoa pesa. Panya hawezi kuanza kutafuna mahali pana na laini. Anahitaji ukingo au kitu kinachoingia kati ya taya. Ndiyo maana mabomba ya milimita 20, 25 na 32 ndiyo yanayoumia, wakati bomba la maji machafu la 110 linashambuliwa kwenye mdomo, kwenye kiungo au kwenye tundu lililokwisha kuwepo. Ukitafuta alama, anzia hapo.

Maji ya kwanza yanatoka machafu, kisha yanasafika

Dalili hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko mvujo wenyewe. Bomba lenye maji linatema kupitia tundu. Maji yakikatika na yakishuka kuelekea chini ya mji, bomba linabaki na mvuto ndani, na tundu lilelile linanyonya kilicho nje: maji ya mvua, tope, mkojo wa panya, yaliyotoka kwenye choo cha jirani na kupita katika nyufa za lava. Maji yakirudi, hayo yote yanakuja kwanza kwenye glasi.

Goma inaifahamu kolera vizuri, haihitaji kuelezwa. Leptospirosi inajulikana kidogo: ni homa inayoletwa na bakteria walio katika mkojo wa panya, inaingia kwa maji na kwa michubuko ya ngozi, na inaweza kuharibu ini na figo. Kwa hiyo tundu la ukubwa wa njugu halihesabiwi kwa lita zinazopotea tu.

Kutofautisha ni rahisi. Uliza majirani wa mstari mmoja. Wote wakipata maji machafu kwa wakati mmoja, chanzo kiko kwenye mtandao. Ikiwa ni kwako peke yako, kiko kati ya mita na robine yako. Mpaka utengeneze, mwaga maji ya dakika za mwanzo (ya kuoshea ua, siyo vyombo), na ya kunywa yachemshe au yatie klorini. Kwa dawa ya kufulia isiyo na manukato, yenye klorini asilimia 5 hadi 6, ni matone 2 kwa lita ya maji maangavu, yaani karibu matone 40 kwa bidoni ya lita 20. Koroga, ngoja dakika 30. Maji yakiwa na ukungu, yachuje kwa kitambaa safi kwanza na uongeze matone mara mbili.

Umefunga mpira na bado linavuja

Sote tunaujua mpira wa ndani wa gurudumu, uliokatwa kama utepe na kuvutwa mpaka mishipa ya mkono inatoka. Kwa usiku mmoja unafaa. Haufai kwa mwezi, kwa sababu mbili: unazuia maji yasitoke lakini hauzuii uchafu usiingie bomba likiwa tupu, na ni laini kuliko bomba, kwa hiyo panya aliyelala hapo jana anaendelea kesho bila shida. Gundi iliyopakwa juu ya alama za meno inabanduka pia, maana plastiki ya polietilini haishiki gundi.

Kata kipande chote kilichoumwa. Ondoa kila mfereji uliofika zaidi ya nusu ya unene, hata kama hauvuji bado, kwa maana utapasuka siku maji yatakaporudi kwa nguvu. Kata wima, siyo kwa mshazari. Ondoa nyuzi kwa kisu. Osha ncha zote mbili. Kwa polietilini tumia kiungo cha kukaza chenye pete na raba, sukuma bomba mpaka liguse mwisho wa ndani, kaza kwa mkono kisha robo ya mzunguko kwa spana. Kwa PVC tumia kiungo cha gundi na usiache maji yapite kabla gundi haijakauka. Baadaye fungua robine ya mbali kabisa mpaka maji yawe maangavu.

Ukienda sokoni Birere kununua bomba, soma maandishi juu yake. PE100 (aina ya plastiki), SDR11 (kipimo cha unene), PN16 (shinikizo linalovumilia): hilo la milimita 25 lina ukuta wa karibu milimita 2.3. Kuna mabomba meusi yanayouzwa bei ndogo, hayana maandishi yoyote, ukiyabana kwa vidole yanabonyea. Muuzaji atakuambia ni yaleyale. Siyo. Unene hautamzuia panya milele, lakini unampa kazi ya siku nyingi badala ya usiku mmoja, na wewe unapata nafasi ya kuona alama kabla ya tundu.

Matone darini, mikwaruzo usiku

Panya wa darini ni mpandaji, mwembamba, mkia mrefu kuliko mwili. Haji kutoka chini. Anakuja kwa tawi la mwavokado lililolala juu ya manjanja (mabati ya paa), kwa waya wa umeme, au kwa bomba lenyewe linalopanda ukutani. Kata matawi yawe mbali na paa angalau mita moja. Kwenye bomba la wima funga bati la duara, pana kama sinia kubwa, limbane vizuri, hawezi kulizunguka. Sehemu inayopita darini ivae koti la galva, au angalau izungushiwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Wavu wa kuku hautoshi, panya mdogo anapita bila kuinama. Na kabla ya kuingiza mkono darini zima umeme: mahali alipouma bomba, huenda ameuma waya pia, na maji yamelowesha vyote viwili.

Tazama tangi. Kifuniko kilichopasuka na bomba la kumwagia ziada lisilo na wavu ni milango. Ukikuta panya amekufa ndani, usijaribu kuokoa maji hayo. Mwaga yote, sugua kuta, suuza, jaza na utie klorini, acha ikae saa kadhaa, mwaga tena. Mtoe kwa glavu au mfuko wa plastiki mkononi.

Harufu chini ya sinki, au panya anatoka chooni

Huku hatuna mtandao wa maji taka wa mji mzima. Kila nyumba ina shimo lake. Panya anaogelea vizuri na anaweza kupita kwenye maji ya kona ya choo. Ikiwa bomba la 110 lina harufu na kingo zilizotafunwa, tafuta kifuniko cha shimo kilichopasuka, na bomba la hewa juu ya paa lisilo na wavu. Kiungo kilichotafunwa kibadilishwe, kisha kizungushiwe zege jembamba. Povu la kujaza nyufa linalouzwa kwenye makopo ni pesa ya bure hapa, linatafunwa kwa dakika chache.

Umetengeneza, ameuma tena palepale

Basi bado hujafunga njia yake. Nyunyiza majivu ya jiko kando ya bomba jioni, safu nyembamba, na asubuhi soma nyayo: anatoka wapi, anaingia wapi. Kando ya ukuta pia kuna mstari mweusi wa mafuta ya manyoya yake pale anapopita kila siku. Panya mkubwa mchanga anapenya tundu la karibu milimita 12, mdogo milimita 6, yaani penseli ikipita naye anapita. Pale bomba linapotoboa ubao, piga misumari kipande cha manjanja kilichokatwa kwa umbo la bomba, kimebana pande zote. Kwenye ukuta wa mawe, shindilia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria kisha funika kwa saruji. Nyuzi peke yake anazivuta.

Nje, hata mfereji wa sentimita 10 uliochimbwa kwa mtaimbo ni bora kuliko kulaza bomba wazi. Mchanga kwanza pande zote, ili jiwe lisilisugue, halafu mawe madogo na saruji nyepesi juu. Mfereji huo unamaliza panya, jiwe na jua kwa pamoja, na kama pesa ni ya kazi moja tu mwaka huu, ningeanzia hapo kabla ya dawa yoyote.

Mtego wa kubana ufanye kazi kwenye njia uliyoiona katika majivu, umelala chini kwa pembe mraba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwani) inamvuta kuliko jibini zote za duniani. Panya mkubwa anaogopa kitu kipya, kwa hiyo uache mtego na chambo bila kuutega usiku kadhaa, azoee kula, ndipo utege. Ukiutega siku ya kwanza atauzunguka na utasema ni mchawi. Gunia la sambaza au unga lililo chini ya sakafu lihamie kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, la sivyo mitego haitaisha kazi.

Sumu ningeiacha ya mwisho. Zile za kuzuia damu isigande zinaua baada ya siku kadhaa, panya anakwenda kufia ndani ya ukuta wa mbao, na harufu utakaa nayo. Vifuko vya unga visivyo na lebo, vinavyouzwa kwenye meza za barabarani, usiviingize nyumbani kabisa: huenda ndani kuna sumu ya shambani inayoua mtoto au kuku kwa kiasi kidogo. Mtoto akigusa au kumeza, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kifuko chenyewe, daktari akione. Pilipili iliyopakwa kwenye bomba inasaidia mpaka mvua ya kwanza, na hapa mvua haichelewi. Vifaa vya umeme vya sauti vinavyodaiwa kumfukuza panya, sijaona nyumba vilipofanya kazi zaidi ya siku chache. Paka anakamata wadogo. Mkubwa aliyekomaa, paka wengi wanamheshimu.

Ukigundua tundu liko kabla ya mita, upande wa barabara, usikate wala usifunge mwenyewe. Hilo ni la REGIDESO, shirika la maji la serikali: piga picha ya alama, onyesha mahali, waache wao wafunge vane yao. Wakija, waombe walivishe bomba jipya koti la chuma pale linapoingia uwanjani kwako, maana panya aliyeuma nje atafuata bomba hilohilo kuja ndani.